Bundi Asiyefumba Jicho

Kabla Zdislava Mrázková hajaletwa katika kile kikosi cha ndege za kivita, hakuna aliyewahi kuuliza nani ataipaka rangi ndege ya sherehe. Kila mwaka majani yakianza kugeuka manjano, afande Oldřich Kubát alichukua ngazi, ndoo zake na bomba la kupulizia rangi, akajifungia ndani ya banda la ndege siku tisa. Siku ya kumi mlango ulifunguliwa na watu wakasema, "Ah!" Miaka ishirini na moja ya "Ah!" si kitu kidogo. Mtu huizoea kama wengine wanavyozoea bia ya jioni, na akinyimwa hutetemeka vilevile.

Mswahili akiambiwa nembo ya kikosi ni bundi atatema mate pembeni na kuomba salama. Pale bundi alikuwa mwenye nyumba. Alikuwa kwenye vikombe vya kahawa, kwenye mlango wa choo, kwenye mikono ya majaketi ya marubani. Na mara moja kwa mwaka, vikosi vya nchi jirani vilipokuja na ndege zao zilizopambwa, alikuwa juu ya ndege yenyewe. Zawadi ya ndege nzuri kuliko zote haikutolewa na majenerali. Ilitolewa na watu wa uzio, wale wazee na akina mama wanaosafiri na ngazi zao fupi juu ya gari, wakapanda kando ya waya na kamera ndefu kama bomba la jiko, wakapiga picha mpaka shingo zikakakamaa. Hao hawahongwi na hawana adabu. Ndege ikiwa mbaya watakuambia mbele ya mkeo.

Bundi wa Oldřich aliishi mkiani. Mwaka huu ameketi tawini, mwaka ujao ameshika panya, mwaka wa tatu ana mwezi nyuma yake. "Mkia ndio uso wa ndege," alipenda kusema, na kwa kuwa bomba la rangi alishika yeye, hakuna aliyebisha. Kazi ikiisha alichovya dole gumba katika rangi nyeusi, akalibandika ndani ya kifuniko cha gurudumu la mbele. Hiyo ndiyo sahihi ya mpakaji. Vifuniko vyote vya kikosi vilikuwa na dole moja tu, lake.

Mwaka huo kanali akaja na jambo jipya. Alibandika michoro mitatu ukutani kantini, bila majina, akasema kila mtu adondoshe kifuniko cha chupa ya bia katika kopo lililo chini ya mchoro anaoupenda. Ijumaa makopo yakamwagwa mezani. Mchoro wa Oldřich ulipata vifuniko tisa. Kimoja alikitia mwenyewe.

"Mzee, tisa!" alisema Bedřich, fundi wa magurudumu, rafiki yake wa tangu ujana na adui wa amani yake. "Hata marehemu bibi yangu angepata kumi, na alichorewa jeneza tu."

"Kula chakula chako, Bedřich."

"Nakula. Ila na mimi nilitia kwa yule mwingine. Nisamehe, macho hayana undugu."

Yule mwingine alikuwa koplo Zdislava, binti wa miaka ishirini na saba, aliyeingia kikosini miaka miwili nyuma na kompyuta begani. Kopo lake lilifurika, na vifuniko vingine vikabiringika chini ya meza.

Oldřich aliusogelea mchoro ule watu walipoondoka. Alitafuta kasoro kama mtu atafutaye mwiba kwenye samaki, na hakuiona. Binti hakuwa amechora ndege juu ya ndege. Alikuwa ameitazama ile ndege yenyewe, pua yake nyembamba, mabega yake yaliyoinuka pale hewa inapoingia, mabawa yake mapana ya pembetatu na yale mawili madogo ya mbele yaliyokaa shingoni, akaona kwamba bundi alikuwamo siku zote. Manyoya ya kahawia na ya kijivu yalianza puani kama vumbi, yakazidi unene mabegani, yakatawanyika tena kwenye ncha za mabawa, kila mstari ukifuata mkunjo wa bati kana kwamba uliomba ruhusa kwa waliolikunja. Na begani, juu kidogo ya lile bawa dogo, jicho moja kubwa la rangi ya chungwa kila upande. Mkiani hakukuwa na kitu. Kijivu kitupu.

Mkia mtupu! Hilo ndilo lililomchoma. Na kilichomchoma zaidi ni kwamba mkia ulipendeza mtupu.

Zdislava hakujua kushika bomba la rangi. Mkono wake ulikuwa hodari kwenye kompyuta tu. Basi kanali akaamua: koplo achore, afande apake. "Kichwa kipya, mkono mzoefu," alisema, akafurahi mwenyewe kwa maneno yake. Oldřich akapiga saluti, na usiku ule mkewe Drahomíra alimsikia akisaga meno usingizini.

Kuna desturi pale ambayo inafaa kusemwa. Mdogo humwita mkubwa kwa cheo chake mpaka siku mkubwa atakapomimina vikombe viwili vidogo vya pombe ya matunda, agonganishe, ataje jina lake la kwanza. Tangu hapo ni watu wa nyumba moja. Oldřich alikuwa amegonganisha na banda zima, hata na mpishi aliyeajiriwa mwezi Machi. Zdislava alikuwa na miaka miwili, na bado alikuwa "koplo", naye bado alikuwa "afande". Chupa ilikuwa kabatini, ikimtazama.

Wakaanza kazi. Binti alipima, akabandika utepe wa karatasi mahali pa kila mstari, Oldřich alipuliza. Na hapo ikamtokea aibu asiyoitarajia: mkono wake ulifurahi. Ulifurahi kama mbwa aliyechukuliwa matembezini na jirani, usijali kamba imeshikwa na nani. Mistari ilikwenda mahali ilipotaka kwenda. Alipofika kwenye mkunjo wa bega alijikuta anaimba, akafunga mdomo haraka.

"Afande, hapo pametoka vizuri mno," alisema Zdislava.

"Rangi nzuri hutoka vizuri," alijibu. "Sogeza ngazi."

Jicho waliliacha mwisho. Zdislava alipima mara tatu kwa uzi, akaweka alama kwa chaki.

"Hapa hapa, afande. Naomba usilisogeze hata sentimita moja."

"Nimekuwa nikipaka kabla hujang'oka meno ya utoto, koplo."

"Najua, afande. Ndiyo maana naomba."

Akalipaka alipoambiwa. Jioni binti alipoondoka, Oldřich alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawasha sigara ambayo haikuruhusiwa, akatazama. Na hapo akaiona. Kasoro! Mabawa madogo ya mbele, ndege ikizimwa, hulegea. Ukingo wa mbele hushuka, ukingo wa nyuma huinuka. Kila mtu bandani anajua, wamejigonga vichwa humo miaka nenda miaka rudi. Na ukingo ule ulioinuka ulikuwa umeliziba jicho karibu nusu. Bundi mkubwa wa kikosi alionekana kama mlevi anayesinzia kituoni.

Oldřich alicheka peke yake. Ndiyo hivyo! Mtoto wa kompyuta. Kwenye kioo chake bawa limenyooka siku zote, hajawahi kuiona ndege ikiwa imelala. Na majirani watakapokuja kuizunguka Jumamosi ya sherehe ikiwa imeegeshwa, watakutana na jicho bovu, na watu wa uzio watasema wanayosema. Alivuta moshi na kuutoa polepole. Hakuulizwa, basi hakusema. Siku mbili alitembea na siri ile kama mtu mwenye peremende mdomoni.

Siku ya tatu ikamwingia hofu. Jicho ni la binti, sawa. Lakini mkono ni wa Kubát. Nani atakumbuka nani alipima? Kisha likaja wazo jingine, tamu kuliko la kwanza: vipi akiliokoa yeye? Watu wangesema mchoro ulikuwa unakwenda kuanguka, Kubát akaudaka. Wivu una adabu zake. Ukitaka kuingia kwa mtu huvaa kwanza nguo ya msaada. Oldřich aliuona umevaa vizuri, akaufungulia mlango.

Jumatatu ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa nchi, na nusu ya taifa ilikuwa msituni na vikapu ikichuma uyoga. Zdislava alikuwa amekwenda kwa mama yake mpaka Jumatano. Oldřich naye aliaga na kikapu na kisu, akapita msitu bila kuutazama, akaingia bandani. Saa sita nzima alifuta, akapiga msasa, akarudisha manyoya mahali jicho lilipokuwa, akalipaka upya shibiri moja juu zaidi, nje kabisa ya kivuli cha bawa. Upande wa kulia, kisha wa kushoto. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Jicho likamkodolea, pana, jekundu kwa ndani, limekamilika. Alichovya dole gumba, akafungua kifuniko cha gurudumu la mbele, akalibandika.

"Uyoga uko wapi?" aliuliza Drahomíra alipofika nyumbani.

"Mwaka huu hakuna."

Mkewe akazitazama kucha zake. "Kumbe. Na huo ambao haupo una rangi ya chungwa."

Jumanne ilikuwa siku yake. Watu walipita bandani mmoja mmoja, wakasimama. "Sasa limekaa!" alisema Bedřich. "Juzi nilidhani amekunywa." Kanali alikuja, akazunguka mara mbili, akampa Oldřich mkono mbele ya watu. Oldřich akasema ni marekebisho madogo tu, mambo ya uzoefu. Alikula vipande vitano vya mkate wa kuchemsha, ule wanaoulia mchuzi kule, mchana ule, na usiku hakusaga meno.

Jumatano kulikuwa na mazoezi. Zdislava alifika moja kwa moja kutoka garimoshini, bado na begi, ndege ikiwa imeshaondoka bandani na kapteni Šíp yumo ndani. Alikimbia mpaka kwenye nyasi aliposimama Oldřich.

"Bado hajaruka?"

"Anaanza."

"Afadhali." Alikuwa anahema, uso umemng'aa. "Afande, tazama bega. Usitazame kitu kingine chochote. Nakuomba."

Ndege ikanguruma, ikakimbia, ikanyanyuka. Mbali huko juu ya mashamba ya viazi ikageuka, ikarudi chini chini, ikalala ubavu mbele yao ili waone mgongo wake wote. Manyoya yakatiririka. Kwa kweli ilikuwa nzuri, Mungu anisamehe, chuma kuwa kizuri kiasi kile. Mabawa madogo yalikuwa yamenyooka kama kisu. Na juu yake jicho, limekodoa vilevile lilivyokodoa bandani. Halikuwa na uhai zaidi ya jicho la samaki juu ya meza ya muuzaji.

Ndege ikashuka, ikagusa njia, na rubani akafunga breki. Mabawa madogo yakainama mpaka mwisho kusukuma hewa, ukingo wa nyuma ukapanda juu, ukasimama chini ya jicho bila kulifikia. Hapo ndipo Oldřich aliyaona yale manyoya ya kahawia ambayo binti alimwambia ayapake juu ya bawa dogo, na yeye akayapaka bila kuuliza ni ya nini. Ilikuwa kope. Kope iliyopanda, ikakosa jicho la kufunika.

Ndege ikiwa imeegeshwa, asinzie. Ikiruka, bawa linyooke, jicho lifumbuke. Ikitua, lifumbwe tena. Nani aliwahi kufikiri hivyo? Nani katika vikosi vyote vile?

"Ulilisogeza," alisema Zdislava.

"Koplo, nilidhani—"

"Kazi safi. Sioni hata alama. Hakuna mtu mwingine angeweza." Sauti yake ilikuwa tulivu, na Oldřich angependa zaidi kutukanwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Miaka ishirini na moja umewafanya wenzako waseme 'Ah!'. Nilitaka safari moja useme wewe. Wengine wangeona ndege nzuri. Wewe ndiye ungeelewa." Akaokota begi lake, akaondoka kuelekea bweni.

Mchana ule Oldřich alikaa kantini mbele ya sahani ya nyama na mchuzi ikipoa. Alijua binti hatasema. Angenyamaza, na Jumamosi ndege ingeegeshwa na jicho lake pana, watu wa uzio wangeipenda, na dole lililo ndani ya kifuniko ni la Kubát. Alikuwa ameipata ndege yake. Hakuna aliyejua kilichokosekana ila watu wawili, na mmoja alikuwa yeye. Akajaribu kula, chakula kikagoma. Aliuona tena ule upande wa ndege ukilala angani na jicho halifumbuki, na wivu uliomla wiki tatu ukamgeukia kwa namna mpya: hakuwa anamwonea binti wivu tena kwa vifuniko vya bia. Alimwonea wivu kwa lile wazo. Angetoa meno yake yote ili liwe lake. Na kitu unachokitaka hivyo, unakiuaje?

Kanali akaingia, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Kubát! Jicho lile! Mtu wa uzio asiyelipigia kura atalala nje!"

Watu wakacheka. Oldřich akasimama.

"Kanali, jicho lile nimeliharibu mimi."

Akaeleza yote, kope na bawa, na jinsi alivyokwenda siku ya uyoga. Hakujipendelea.

"Uliona kosa ukalirekebisha," alisema kanali. "Mtu hukosea."

"Sikuliona kosa. Nilikuwa nalitafuta. Nilimwonea wivu, kanali. Namwonea hadi sasa."

"Mzee, kaa chini basi," Bedřich alinong'ona, na mara hii hakuwa na mzaha.

Kanali akakuna shingo. "Unaweza kulirudisha kabla ya Jumamosi?"

"Naweza."

"Lirudishe. Na ufunguo wa stoo ya rangi, kuanzia leo, anao koplo. Ndege ya sherehe ni yake. Mwakani pia."

Oldřich aliuchomoa ufunguo kwenye mnyororo wake. Ulikuwa umemwachia alama kiunoni kwa miaka ishirini na moja. Alipita kabatini, akachukua chupa na vikombe viwili, akaenda kuugonga mlango wa bweni. Zdislava alifungua, macho yamevimba. Oldřich akaweka ufunguo juu ya begi, akamimina.

"Mimi ni Oldřich."

Zdislava akavitazama vikombe vile. "Umechelewa miaka miwili."

"Najua."

"Zdislava," alisema, akagonganisha, akanywa yote. "Na usifikiri nimekusamehe. Nitasimama pale pale nikipima kwa uzi."

"Simama."

Alisimama, siku mbili. Jambo la kwanza Oldřich alilofanya, kabla ya jicho, ni kufungua kifuniko cha gurudumu la mbele na kulifuta dole lake kwa kitambaa. Lilikataa kutoka. Alisugua mpaka bati likang'aa.

Jumamosi kulikuwa na jua na baridi. Oldřich hakukaa na wenzake; alivuka akasimama kwenye uzio, katikati ya ngazi na kamera. Ndege za wageni zilipita, tai wa huku, korongo wa kule, rangi za kuumiza macho. Bundi alikuwa ameegeshwa mwisho wa mstari na jicho nusu.

"Mbona huyu wenu amelala?" aliuliza mama mmoja aliyekuwa juu ya ngazi, kofia ya sufu mpaka masikioni.

"Ngoja," alisema Oldřich.

Ndege ikakimbia, ikanyanyuka, ikaenda mbali, ikarudi. Ikalala ubavu mbele ya uzio wote. Na kule begani, polepole, ukingo wa nyuma wa bawa dogo ukamalizia kushuka na jicho la rangi ya chungwa likafumbuka, likawatazama.

Oldřich alijua litafumbuka. Alilipaka pale mwenyewe, mara mbili. Hata hivyo sauti ilimtoka kabla hajaizuia, "Ah!", na uso ukamlowa, na kama ungemuuliza ni furaha au wivu asingekuambia uongo: ni wivu, wote, mpaka mifupani. Kamera zikalia kama mvua ya mawe juu ya bati. Ndege ilipotua na kufunga breki, kope ikapanda, ikalifunika jicho lote, na mama yule akashusha kamera akasema taratibu, kama anayezungumza karibu na kitanda cha mtu, "Amelala tena."

Kisha akamgeukia. "Nani amepaka hii?"

Oldřich akajibu, "Ya koplo mmoja, binti. Mimi nilishika bomba tu."

Jioni, wageni wakishangilia kantini, Zdislava alimwita bandani. Alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu la mbele, kopo la rangi nyeusi mkononi.

"Lete dole lako," alisema.

"Si langu."

"Nusu ni yako, Oldřich."

"Hapana. Weka lako."

Akasita, kisha akachovya, akabandika. Hakuwahi kufanya hivyo. Alitia rangi nyingi mno, akasokota mkono akiutoa. Dole likakaa upande, na tone moja likaanza kuteremka taratibu juu ya lile bati lililosuguliwa. Oldřich alilitazama tone lile likishuka. Kitambaa kilikuwa begani mwake. Ingetosha kufuta mara moja, kwa ncha ya kidole, na pangekuwa safi.

Akaitia mikono yote miwili mifukoni.